Orodha Aliyoiandika Mma Oabona

Shimo lilikuwa limefika kiunoni mwa mlinzi wa shule Mma Oabona alipolipita, kopo mkononi, akienda kuchota maji ya kukorogea gundi. Akasimama.

"Dikgang, unamzika nani?"

"Mimi simziki mtu, Mma, nachimba tu. Wa kuzika wanakuja Jumanne." Mlinzi aliegemea mpini wa sepetu. "Mwalimu Mkuu kasema ni vitabu vyako."

"Vitabu vyangu vipi?"

"Unaniuliza mimi? Mimi vitabu vilinishinda darasa la nne. Leo nimepewa nafasi ya kulipa kisasi, na bado mgongo unaouma ni wangu." Alicheka peke yake. Alipouona uso wa yule mama, kicheko kilimkauka. "Wanasema ni vile vya kwenye orodha, Mma. Ile yenye sahihi yako."

Orodha ilikuwa yake kweli. Aliiandika mwezi wa nne, kwa kalamu ya wino wa buluu, akiikandamiza kalamu kwa nguvu ili maandishi yapenye hadi nakala ya tatu. Majina arobaini na moja ya vitabu vya picha, na mbele ya kila jina neno lilelile: hakifai, hakifai, hakifai. Na hakuna hata kimoja alichokiamini hakifai.

Pale kijijini Makgaraga, kusini mwa ziwa, hakuna aliyewahi kupata kitu kutoka ofisi ya wilaya kwa kusema anakihitaji. Unasema ulichonacho kimekufa. Wapishi waliziandika sufuria zimetoboka, na jioni yake wakapikia uji humo humo. Baada ya miezi mitano zikaja sufuria mpya. Walimu waliviandika viti, na viti vikaja. Hivyo ndivyo Mma Oabona alivyojifunza kazi ya serikali tangu akiwa mpishi, kabla shule haijapata maktaba. Mwaka ule masanduku ya kwanza ya vitabu yalipoletwa, mwalimu mkuu wa wakati huo alitafuta mtu mwenye mikono safi. Mikono iliyokuwa safi kuliko yote, hata ya walimu, ilikuwa ya mwanamke aliyeshinda akiosha masufuria. Akapelekwa mjini Maun majuma matatu, akafundishwa kuandika namba mgongoni mwa kitabu, kukivika plastiki, na kukoroga gundi ya unga wa ngano isiyoacha baka. Aliporudi alipewa stoo ya maharage, akaifagia siku mbili, akaiita maktaba. Miaka ishirini na saba ilipita humo. Harufu ya maharage haikuisha.

Vitabu vingine vilikuja baadaye, vya picha za kamera, vinang'aa kama sahani. Watoto waliviokota, wakavifunua, wakavirudisha. Vile vya sanduku la kwanza ndivyo walivyolala navyo sakafuni, tumbo chini, vichwa vinne juu ya ukurasa mmoja. Mama aliyekisoma akiwa na meno ya utoto alimtuma mwanawe akiulizie kitabu kilekile. Kwenye kadi ya nyuma ungeona jina la mama, kisha chini yake, baada ya mihuri mingi, jina la mtoto, mwandiko wa wote wawili ukipanda mlima kwa namna ileile.

Kilichopendwa kuliko vyote kiliitwa *Phatshwa*, jina la maksai mwenye mabaka meusi na meupe anayeachwa nyuma na kundi, akarudi peke yake kutoka malishoni. Picha tisa za rangi za maji, maneno machache chini. Mma Oabona alikuwa amekishona na kukigundisha mara nyingi hata mgongo wake ukawa gundi kuliko uzi. Ndiyo maana aliiandika orodha. Aliona siku moja kitamkatikia mtoto mikononi. Akawaza: nitasema vimekufa, wataniletea arobaini na moja vilevile, vipya, na mimi nitastaafu mwakani nikiacha rafu imesimama.

Aliliacha kopo pale shimoni, akaenda ofisini.

Mwalimu Mkuu Molatlhegi alikuwa mtu mpole, ila upole wake haukuwahi kumwokoa mtu. Alimvutia kiti.

"Nilidhani unajua, Mma. Umeandika mwenyewe havifai."

"Niliandika ili waniletee vingine. Wewe mwaka juzi hukuandika viti vimevunjika? Na siku hiyohiyo tulivikalia tukila keki ya kumuaga mwalimu wa hesabu."

"Viti vinaundwa kila siku. Hivi havichapwi tena." Alifungua faili, akalifunga bila kusoma. "Wamenijibu. Waliovichapa walishafunga, na michoro yenyewe hakuna anayejua iliko. Jumanne wanakuja kuvichoma, kisha tutaletewa vishikwambi kumi."

"Basi niandike tena. Niseme nilikosea."

"Kitu kikishaandikwa kimekufa, hakiandikwi kimefufuka. Hawana fomu hiyo, Mma."

"Nipe simu yako."

Alimpa. Ofisi ya wilaya ilimpitisha kwa watu watatu, kila mmoja akimtaka aanze upya tangu mwanzo. Wa mwisho alikuwa mwanamume aliyekuwa akitafuna kitu. Alimsikiliza hadi mwisho, akameza.

"Mama," alisema, "wewe ndiye shahidi wetu kwamba havifai. Sasa unataka uwe shahidi kwamba vinafaa. Tumwamini yupi kati yenu?"

"Nipeni basi nivipeleke nyumbani. Mnavichoma vya nini?"

"Mali ya serikali iliyofutwa haitoki nje ya uzio. Ikikutwa nje imeibwa. Siku njema, Mama."

Mwalimu Mkuu aliipokea simu yake, akaifuta kioo kwa tai. "Vihesabu," alisema bila kumtazama. "Wanakuja na orodha yenye namba. Kimoja kikipungua, ni upotevu, na upotevu unafunguliwa faili."

Alivihesabu Ijumaa, akavihesabu tena Jumamosi. Arobaini. Hakuhitaji kuuliza kipi hakipo. Daftari la kuazimisha lilisema, ukurasa wa mwisho ulioandikwa, mstari wa tatu: *Phatshwa*, Kahorere, na nafasi ya tarehe ya kurudisha ikiwa tupu.

Mwalimu Mkuu naye aliliona. Alisimama nyuma yake, mikono mgongoni.

"Watalifungua daftari, Mma. Watakwenda kwake na gari la serikali, labda na polisi. Wewe unamjua Kahorere na magari ya serikali."

Nani asiyemjua. Ule mwaka wa homa ya mapafu, miaka ishirini nyuma, ng'ombe wote wa wilaya nzima waliuawa, wagonjwa na wazima, ili ugonjwa usivuke uzio wa mifugo kwenda kusini. Kila mwenye ng'ombe aliambiwa awaswage mwenyewe hadi kwenye mitaro. Wengine waliwatuma vijana wao. Kahorere, Mherero aliyekuwa anazijua nasaba za ng'ombe wake kuliko za shemeji zake, aliwaswaga mwenyewe, akasimama pale mpaka mwisho. Baada ya hapo hakuongea karibu mwaka mzima. Na siku moja, mtu mzima, alikuja maktaba ya watoto akiwa amevua kofia, akasema amesikia kuna kitabu chenye ng'ombe wa zamani.

Tangu hapo alikiazima kila muhula. Alikirudisha kwa tarehe, akakaa siku saba kama sheria inavyotaka, akarudi kukichukua.

Jumapili Mma Oabona alitembea hadi kwake, saa mbili za mchanga. Mke wa Kahorere alikuwa ugani na kofia pana ya kitambaa yenye pembe mbili, ya wanawake wa Kiherero, anatikisa kibuyu cha maziwa. Alimtazama mgeni viatu, kisha uso.

"Mma, umekuja kwa miguu? Basi kuna aliyekufa."

"Hajafa mtu."

"Afadhali. Kaa. Kunywa kwanza, ndipo utudanganye vizuri."

Alimpa maziwa ya mgando kwenye kikombe cha bati. Upande wa pili wa ua, Kahorere alikuwa ameketi kivulini mwa ukuta, mjukuu wake Mbakondja, msichana wa miaka sita, akiwa amemwegemea goti. Kitabu kilikuwa kati yao. Hawakumwona mgeni, au walimwona na hawakuwa tayari kuacha.

"Huyu siye yule," mtoto alikuwa akisema. "Yule baka lake liko begani. Huyu liko kiunoni."

"Ndiye. Amegeuka."

"Ng'ombe hageuki na baka lake, babu. Mchoraji alisahau."

"Umenishinda. Mchoraji hakusahau. Ni maksai watatu." Kidole chake kilipita juu ya picha bila kuigusa. "Huyu wa kwanza nilikuwa naye, mamake alitoka kwa mjomba wangu. Huyu wa pili alikuwa na sauti mbaya. Huyu wa tatu ndiye aliyekuwa anatangulia. Wamechorwa katika safari moja, basi watu wa shule wakadhani ni mmoja."

"Wa kwetu wa sasa mbona hawana mabaka?"

"Wa kwetu wa sasa waliletwa na lori," alisema Kahorere. "Weupe kama karatasi. Hata mimi nikiwaita nawakosea." Ndipo akainua macho. "Mma. Bado wiki mbili tarehe yangu haijafika."

"Najua, Rra."

"Nimekiharibu? Nilikivisha ngozi pembeni, panapokatika. Nilitumia ngozi laini."

Aliona ile ngozi: kipande chembamba cha mbuzi, kimeshonwa kwa mishono midogo kuliko yake mwenyewe. Alitaka kusema anakihitaji kwa siku moja tu. Maneno yalikuwa yameshapangwa njia nzima. Lakini macho ya mke wa Kahorere yalikuwa juu yake, na maziwa yao yalikuwa mdomoni mwake.

"Wanakichoma Jumanne," alisema. "Vyote arobaini na moja. Kuna shimo nyuma ya jiko la shule."

Mtoto alimtazama babu yake ajue kama hilo ni jambo la kuogopa.

"Nani kaamua?" aliuliza Kahorere.

Hapa ndipo angeweza kusema ofisi. "Mimi," alisema. "Niliandika havifai. Nilidhani nikiandika hivyo wataniletea vipya vilevile."

Kahorere alikifunga kitabu polepole, akakiweka pajani, viganja viwili juu yake.

"Ulidhani hivyo."

"Ndiyo, Rra."

"Na mimi nilidhani hivyo. Walisema tuwalete, kisha tutapewa wengine. Nikasema sawa, ng'ombe ni ng'ombe. Niliwaswaga mwenyewe, Mma. Yule wa kutangulia alitangulia. Alidhani tunakwenda kwenye maji." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Kijana wa serikali alinipa kalamu, nikasaini. Alikuwa kijana mzuri, alinipa na kivuli cha mwavuli wake."

Mma Oabona alilia bila sauti, kikombe kikimwinamia mkononi. Mke wa Kahorere alikichukua kikombe asije akamwaga.

"Nimekuja kwa sababu jina lako limo daftarini," alisema Mma Oabona alipoweza. "Nisiporudi nacho watakuja hapa. Watasema umeiba. Sitaki waje hapa, Rra."

"Waje."

"Rra—"

"Safari ile nilipeleka." Alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini mvua haijanyesha. "Safari hii sipeleki. Sikukatazi kusema niko nacho. Sema. Ila mikono yangu haipeleki kitu tena kwenye shimo."

Mke wake alimpangusa Mma Oabona mchanga mabegani, akamsindikiza hadi nje ya ua. Hapo alimshika kiwiko.

"Mma, usinichukie kwa neno hili. Ukituficha, usije tena kukitazama. Ukizoea njia hii, watakufuata, nawe utawaleta mpaka mlangoni. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Hata nikikukuta dukani, tusikitaje."

Basi ilikuwa hivyo. Kama kingebaki hai, kingebaki bila yeye, na bila mtoto hata mmoja wa shule. Na vile arobaini vingekwenda. Njia nzima ya kurudi alitafuta hesabu nyingine itakayotoa jibu jingine, na mchanga ukamjaza viatu.

Jumatatu ilikuwa zamu ya darasa la pili. Hakuwaambia kitu. Aliziacha rafu zote wazi, akawaruhusu kuchukua vitabu watakavyo, na kengele ilipolia alijifanya hakuisikia. Walilala sakafuni wamejaa kama maharage ya zamani. Msichana mmoja, Gofaone, aliuliza *Phatshwa* kiko wapi.

"Kimeazimwa."

"Kitarudi lini?"

"Kaa chini, Gofaone, unawakanyaga wenzako vidole."

Walipokwenda, alikoroga gundi. Aliichuja mara mbili kwa kitambaa, iwe nyepesi kama maziwa ya mtoto. Alilifungua daftari la kuazimisha kwenye ukurasa wa mwisho ulioandikwa, wenye jina la Kahorere mstari wa tatu, akaupaka gundi kingo zote nne, akaulaza juu yake ukurasa uliotangulia. Alilainisha kwa mfupa bapa wa kukunjia karatasi, kuanzia mshononi kwenda nje, kama alivyofundishwa Maun. Akaweka tofali juu. Maisha yake yote ya kazi aliitumia gundi kuwarudishia watoto kilichopotea. Hakuwahi kukificha kitu nayo. Alipoliondoa tofali alipitisha ukucha pembeni, na hata yeye hakuuona mshono. Ilikuwa kazi yake nzuri kuliko zote, na alitamani mikono imkauke.

Jumanne gari lilifika saa tatu. Kamati ya wilaya ilikuwa watu watatu: dereva, mwanamume mwenye kamera, na afisa wa ugavi, Mma Setlhabi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, viatu vyake vya mjini vikizama mchangani. Alikuwa na haraka lakini hakuwa na ukali. Alisoma namba, Mma Oabona akakiinua kitabu, mwanamume akapiga picha, Dikgang akakipokea na kukitupa. Ilifika namba thelathini na nne.

"*Phatshwa*."

Mma Oabona hakuinua kitu. "Hakipo. Nimekipoteza."

Mwalimu Mkuu alianza kukohoa, akatazama viatu vyake, akaendelea kuvitazama.

"Umekipoteza vipi, Mma?"

"Sijui. Kilikuwepo, kisha hakikuwepo."

Afisa alilitaka daftari. Akalifunua hadi mwisho, akateremsha kidole ukurasa mzima; kila mstari ulikuwa umerudishwa, umepigwa muhuri. Alilishika jani kati ya vidole viwili, kama mtu anayepima kitambaa. Kisha afisa akalifunga.

"Hakuna aliyenacho kwa mujibu wa daftari. Basi upotevu ni wako. Unajua maana yake? Utasimamishwa kazi mpaka faili lisikilizwe. Na hujabakisha hata mwaka kustaafu."

"Najua, Mma."

"Huna la kuongeza?"

"Sina."

Waliendelea hadi mwisho, kisha Dikgang akamimina mafuta. Plastiki iliwaka kwanza, ile plastiki ambayo Mma Oabona alikivika kitabu kimoja kimoja, ikajikunja na kutoa moshi mweusi uliowatoa wapishi jikoni. Kurasa hazikutaka kushika. Ilibidi Dikgang achokonoe kwa mti mrefu ili hewa iingie, na kila alipochokonoa kitabu kilifunuka, picha ikaonekana mara moja, mbuzi, mvua, bibi na chungu, kisha ikawa kahawia. Dikgang hakufanya mzaha wowote. Madarasa yalikuwa yamefungwa milango kwa amri, lakini madirisha ya darasa la pili yalikuwa yamejaa mapaji ya nyuso.

Afisa alijaza fomu juu ya boneti ya gari. Arobaini, vimeteketezwa. Kimoja, kimepotea. Kalamu ilisimama.

"Hapa wanataka maelezo ya kilichopotea. Kilihusu nini?"

"Ng'ombe," alisema Mma Oabona.

Afisa aliandika. Kisha hakuendelea. Aliuangalia moshi, na uso wake wa ofisini ukamlegea kidogo.

"Ng'ombe aliyeachwa nyuma?" aliuliza, kwa sauti ya chini. "Nilipokuwa darasa la pili, shule ya kwetu, tulikuwa na kimoja hivyo. Kulikuwa na ndege, hondohondo, mchoraji alimficha kwenye kila picha. Huambiwi, unamgundua mwenyewe. Nilimwona kwenye picha nane. Ile ya tisa, ya zizini, nilitafuta mwaka mzima. Nilipigwa fimbo kwa kukichelewesha." Alimgeukia. "Ndiye huyo? Wewe lazima unajua. Alikuwa wapi?"

Alikuwa ndani ya ndoo ya kukamulia. Mdomo wake tu ndio ulichungulia, wa njano, karibu na mpini, mdogo kama punje ya mtama. Mma Oabona aliwahi kuwaona watoto mia tatu wakimpata, na kila mmoja, alipompata, alifunika ukurasa kwa kiganja ili mwenzake asione. Lakini mtu anayejua ndege alipo hapotezi kitabu kama hicho. Mtu anayejua ndege alipo angeulizwa amempa nani.

"Sikumbuki, Mma," alisema.

Afisa alimtazama. Akaona mama mzee mwenye masizi usoni, aliyechoka, ambaye miaka ishirini na saba alikaa na vitabu na hakuvitazama. Huruma aliyokuwa nayo ikamwondoka.

"Basi," alisema, akamgeuzia fomu. "Weka sahihi hapa. Kandamiza, kuna nakala tatu."